Kuchimba kisima Mwanza: jua maji yamekaa wapi kabla hujamlipa mtu wa mashine

Wakuu, kila kiangazi kikikolea, mwezi wa nane mwezi wa tisa hivi, maswali ni yale yale. "Nina kiwanja Buswelu nichimbe mita ngapi?" "Jirani kapata maji mita 40, mi nimeenda 90 nimetoa vumbi tupu, nimerogwa au?" Hujarogwa. Kwa hapa kwetu wingi wa mita sio wingi wa maji, na ukilielewa hilo peke yake tayari umeokoa hela. Naandika namna ya kukisoma kiwanja chako mwenyewe kwa miguu, kamba na ndoo, kabla ile lori ya kompresa haijapanda mlima.

Kwanza tutoane kwenye huo mto wa chini ya ardhi. Watu wanaamini kuna mto unapita huko chini na ukiukosa kwa hatua mbili imekula kwako. Mito ya namna hiyo ipo duniani, ila inataka mawe ya chokaa, yale yanayoliwa na maji mpaka yanatoka mapango, na sisi tumekalia graniti, hayo hayo mawe unayoyaona pale kwenye mwamba wa Bismarck ziwani na yaliyopandana kwenye milima ya mjini kote, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 na jiwe lake likiwa zima halina nafasi ya maji ya maana, haifiki hata asilimia 2 ya ujazo wake.

Wengine wanasema maji ya visima ni ziwa limeingia kwa chini. Fikiria kidogo tu, ziwa liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari na ndo sehemu ya chini kuliko zote hapa kwetu, sasa litapandaje kwenda Buswelu? Mwendo ni kinyume chake, mvua inanyesha huko juu, kiasi kinazama, kinashuka taratibu sana, kuna sehemu ni sentimita chache kwa siku, kinaelekea ziwani. Anayeweza kuvuta maji ya ziwa kweli ni yule aliye ufukweni kabisa mwenye pampu kubwa, akivuta mpaka maji ya kisima yakashuka chini ya usawa wa ziwa, hapo ziwa linaanza kumrudishia yeye.

Sasa maji yamekaa wapi? Sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye graniti iliyooza. Jiwe likikaa na unyevu miaka maelfu kwa maelfu linaharibika kuanzia juu kwenda chini, unapata udongo, chini yake moramu, chini yake changarawe yenye chembe za kung'aa ambayo bado ina sura ya jiwe lakini ukiishika inamomonyoka mkononi kama kashata iliyolala nje, halafu ndo unafika jiwe lenyewe. Ukitaka kuiona nenda sehemu yoyote walipokata mlima kupitisha barabara au kujenga nyumba, utaona tabaka zote kwenye ule ukuta wa udongo. Hiyo changarawe ya katikati ndo ghala letu. Sehemu ya pili ni mipasuko kwenye jiwe lenyewe, nyufa ambazo maji yanapita, na nyingi zinakuwa karibu na pale jiwe linapoanzia, kadiri unavyoenda chini zinabanwa na uzito zinapungua. Ndo maana jirani kapata kwenye 40 na wewe umekosa kwenye 90: kwake tabaka lililooza ni nene au amekutana na ufa, kwako jiwe limeanzia mita 6 na baada ya hapo umelipia kutoboa tofali.

Kuna kitu kinawachanganya watu hapa, udongo kubeba maji na udongo kutoa maji ni habari mbili. Jaribu nyumbani. Chukua ndoo mbili kuukuu, toboa kila moja tundu dogo chini, weka kitambaa juu ya tundu na uzibe kwa nje. Moja jaza mchanga mkavu, nyingine jaza udongo mweusi wa mbugani uliokauka na kupondwa. Mimina maji kwa kopo huku unahesabu mpaka yaonekane juu. Mchanga utakunywa kama theluthi ya ujazo wa ndoo hivi, ule mweusi unaweza kunywa zaidi, ila itabidi usubiri maana unakunywa kwa kujivuta. Sasa zibua matundu. Mchanga utakurudishia sehemu kubwa ya maji, mengine yatabaki yameng'ang'ania kwenye chembe. Ule mweusi utatoa matone, ukirudi kesho yake unakuta vijiko kadhaa na udongo umevimba umeshikilia kila kitu. Kwaiyo mtu akikwambia "kiwanja changu kimelowa muda wote lazima kina maji", muulize kimelowa nini. Kama ni mbuga, maji yapo ila hayatoki.

Basi toka utembee. Anzia juu mlimani shuka mpaka bondeni, na wazee wa Kisukuma walishazigawa hizi ardhi majina zamani, hatuna haja ya kutunga. Chini ya mawe yenyewe kuna luseni, mchanga mchanga mwepesi uliotokana na graniti, mvua ikipiga inazama hapo hapo. Jiwe tupu lenyewe halinywi maji ila linayamwaga yote kwenye mguu wake, kwa hiyo mguu wa mlima unapata mvua yake na ya jiwe pia. Ukishuka unakuta itogolo, ardhi yenye tabaka gumu chini kidogo, jembe linagonga, halafu mwisho mbuga, ule mweusi wenyewe unaopasuka kiangazi, ndo kwenye majaruba ya mpunga.

Angalia sana pale luseni inapokutana na itogolo. Maji yanayoshuka ndani ya mchanga yakifika kwenye tabaka gumu yanakosa pa kwenda, yanasukumwa juu, na mwezi wa tano unaona mstari wa ubichi umekatiza mteremko, nyasi za kijani, matope ambayo hayana sababu, mahali ambapo akina mama wanachimba kishimo cha mkono mmoja wanakaa na kata wanasubiri kijae. Hiyo ndo chemchemi ya kawaida ya huku kwetu, haina maporomoko wala nini, ni usawa wa maji ya chini umekutana na uso wa ardhi basi. Ukiona mkuyu mkubwa umesimama peke yake na majani yake mabichi mwezi wa tisa, au matete yameota mbali na mto, hapo maji hayako mbali. Mkaratusi usikudanganye, ule unaota popote na ndo unayanywa.

Na mito ya mchanga nayo usiidharau. Simiyu huko Magu ikikauka juu, watu wanafukua mchanga wa mtoni wanapata maji safi, maana mto haujaisha, umeingia ndani ya mchanga wake.

Vile vijiti vya panda na waya za shaba ambavyo wazee wanatembea navyo kutafuta maji, mi sigombani na mzee wa mtu. Ila angalia anapopatia, mara nyingi ni mguuni mwa mlima na pembeni ya bonde, na hapo hata ungerusha kiatu kikatua popote ungepata maji. Mpeleke katikati ya jiwe uone.

Ukishatembea, pima. Tafuta visima vya jirani vitatu vinne, omba ruhusa, funga nati nzito kwenye kamba, shusha mpaka usikie "tyap", weka alama kwenye kamba, pima kwa futi. Rudia mwisho wa masika mwezi wa tano, na tena mwezi wa tisa au wa kumi kabla vuli haijaanza. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndo taarifa muhimu kuliko zote mtaani kwenu na ni ya bure. Kisima ambacho kinashuka mita 4 au 5 kati ya masika na kiangazi kinakwambia ghala la hapo ni dogo, kinachoshuka mita moja kina ghala kubwa nyuma yake au kiko chini karibu na ziwa. Na usitegemee mvua za kwanza za vuli zikujazie, ardhi iliyokauka juu inaanza kujinywesha yenyewe kwanza, ndo maana mwezi wa kumi na moja mvua inapiga na kisima bado kinashuka watu wanashangaa.

Kama unataka kujua maji yanaelekea wapi, mwite fundi na ule mpira wake wa maji wa kupimia levo ya msingi, pima tofauti ya ardhi kati ya kisima na kisima, kisha toa kina cha maji. Utajua maji ya nani yako juu ya nani. Hii sio ya kujifurahisha, ndo itakwambia choo cha nani kinakuja kwako. Watu wameshika ile mita 30 kati ya choo na kisima kama amri, sawa ishike, lakini choo kilicho upande wa juu kwenye mchanga au kwenye jiwe lenye nyufa mita 30 zinaweza zisitoshe, na kilicho upande wa chini hakina shida kubwa hivyo. Huku milimani nyumba imekaa juu ya nyumba, na shimo la choo limegonga jiwe kwenye mita moja na nusu, hapo kisima cha mtu wa chini kisitumike kwa kunywa, mjadala ufungwe.

Kingine kabla hujaamua ni hesabu. Mwanza tunapata mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka. Nyingi inarudi hewani au inatiririka juu kwa juu. Tuseme asilimia 5 inazama, kiwanja chako cha mita 20 kwa 20 kimepata lita 20,000 kwa mwaka mzima, yaani lita 55 kwa siku, ndoo tatu hazifiki. Kwaiyo kisima chako siku zote kinakula mvua iliyonyesha kwa wenzako, na mtaa mzima mkichimba kila mtu cha kwake mnagawana kilekile. Mi ningekuwa na majirani wanaoelewana ningechimba kimoja kizuri tukachangia.

Sasa kuchimba. Kama tabaka lililooza ni nene na maji yako ndani ya mita 10 au 12, kisima cha mikono chenye ringi za zege kinatosha kabisa na kina faida moja kisima kirefu hakina, tumbo lake pana linajikusanyia maji usiku kucha hata kama yanaingia kwa kuchuruzika. Wanaokumbuka mradi wa maji na afya wa HESAWA, ule ulioanza 1985 huku Mwanza, Mara na Kagera, visima vyake vingi vilikuwa vifupi vya pampu ya mkono. Kama kipo kijijini kwenu nenda kakiangalie kimekaa wapi kwenye mteremko, uliza akina mama kama huwa kinakauka, umepata upimaji wa miaka mingi bure.

Chimba mwezi wa tisa na wa kumi. Maji yakiwa chini kabisa ndo unaweza kuyafuata, ukichimba mwezi wa nne utafika maji mita 3 utashangilia, na mwezi wa nane unachungulia shimo kavu. Na hapa nisisitize, shimo linaua. Mchanga wa luseni unabomoka bila kuaga, shusha ringi kadiri unavyochimba, usichimbe kwanza mpaka chini ndo uanze kujenga. Usishushe jenereta wala pampu ya petroli ndani ya shimo hata kwa dakika tano, ule moshi unajaa shimoni hauna pa kutokea, mtu analala hapo hapo na anayemfuata kumwokoa analala juu yake. Anayeingia awe amefungwa kamba na juu wawepo watu wawili wenye nguvu ya kumvuta.

Ukiamua kisima kirefu, kwanza lipa upimaji. Mtaalamu anachomeka vyuma vinne ardhini anapitisha umeme anasoma jinsi ardhi inavyoukataa, jiwe zima linaukataa sana, kilichooza na kulowa kinaupitisha. Elewa kwamba hiyo mashine haioni maji, inaona unene wa tabaka. Kwaiyo usimuulize "nichimbe mita ngapi", muulize "jiwe zima linaanzia mita ngapi, na wapi kiwanjani limezama zaidi". Graniti haijaoza sawasawa, kuna mabonde yamejificha chini ya udongo ulionyooka vizuri tu juu, na unaweza kuwa na mita 8 kona hii na mita 25 kona ile. Akikuletea ripoti ya sehemu moja tu kiwanjani, mwambie arudie sehemu nyingine. Na kibali kipo, kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi iko hapa hapa Mwanza, na mchimbaji awe na leseni.

Siku ya kuchimba usikae ndani na wageni. Simama karibu na mashine, omba kila mita waweke kijirundo cha kinachotoka, vipange mstari chini. Utaona rangi zinabadilika, nyekundu, njano, kahawia yenye chembe kubwa, hapo uwe makini, vikitoka vimelowa na kuganda mwambie fundi aandike mita. Baadaye kitaanza kutoka kijivu, halafu vumbi jeupe kavu la kupalia, sauti ya nyundo inakuwa ya mlio mmoja usiobadilika, na mashine inaenda taratibu. Hilo ni jiwe zima. Unaweza kumruhusu aendelee mita 20 au 30 kutafuta ufa, ukitokea utaona vumbi limegeuka ghafla uji wa kahawia. Usipotokea, simamisha. Anayelipwa kwa mita hatakwambia usimame, na wewe huna sababu ya kumlaumu, biashara yake ni mita. Andikeni kwenye mkataba kabla hajaja kwamba mwenye neno la kusimamisha ni wewe.

Halafu bomba. Zile zenye michirizi ya kupitisha maji zikae usawa wa sehemu ulizoandika kwamba zimetoa maji, changarawe safi ya mviringo izunguke nje, na mita kadhaa za juu zizibwe kwa saruji, maana hapo ndo maji machafu ya mvua yanashukia pembeni ya bomba. Hili la kuziba juu ndo linarukwa kuliko yote kwa sababu halionekani.

Ukija kupimiwa wingi wa maji usikubali ya nusu saa. Bomba la inchi tano linabeba kama lita 12 na nusu kwa kila mita, kwa hiyo kisima chenye mita 40 za maji kina karibu lita 500 zimesimama tu ndani ya bomba, watakufungulia pampu, maji yatatoka kwa kishindo, mtapiga picha, na hayo hata sio maji ya ardhini bado, ni ya bomba. Taka pampu itembee saa kadhaa, ikiwezekana siku nzima, huku mtu anapima kina kila baada ya muda. Kikishuka kikafika mahali kikatulia, hapo ndo kisima chako. Pima kwa ndoo ya lita 20, ikijaa kwa dakika moja una lita 1,200 kwa saa, nyumba inaishi vizuri kabisa hata na nusu ya hiyo ukiwa na simtanki. Kisha zima pampu muone kinarudi kwa muda gani.

Wenye chemchemi kiwanjani, kosa kubwa ni kuijengea ukuta na kupandisha bomba la kutokea juu ili ndoo ikae vizuri. Ukiyapandisha maji juu ya jicho lake la asili yatarudi nyuma yatafute njia nyingine, mwaka unaofuata chemchemi iko kwa jirani. Fukua kurudi nyuma mpaka uone maji yanapotokea hasa, weka mawe na kokoto, jenga ukuta mbele, bomba liwe usawa wa jicho au chini yake, kama ndoo haiingii chimba chini uweke ngazi. Juu yake zungusha mtaro wa kukwepesha maji ya mvua na zuia ng'ombe.

Wa ufukweni nao, mkumbuke ziwa likipanda maji ya ardhini ya pembeni yanakosa pa kumwagikia yanapanda pia. Mwaka 2020 ziwa lilivuka rekodi ya 1964, na vipindi kama hivyo shimo la choo karibu na maji linajaa kwa chini bila tone la mvua kuingia. Usichimbe kisima karibu na shimo kama hilo hata kama maji yako mita mbili.

Mwisho, maji yakitoka usikimbilie kunywa. Yakiwa meupe kwenye ndoo halafu baada ya saa chache yakageuka rangi ya chai na utando unang'aa juu, gusa utando kwa kijiti. Ukipasuka vipande vipande ni chuma tu, yaache yatulie, chuja kwa mchanga, yanafulia na kupikia ingawa nguo nyeupe utazisahau. Ukijirudi na kuungana tena ni mafuta, tafuta yanatoka wapi. Kibaya zaidi ni floraidi, haina rangi, haina harufu, haina ladha, na graniti za huku Mwanza na Shinyanga kuna sehemu zinaitoa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, watoto wakinywa maji yaliyozidi sana hapo meno yanaota na madoa ya kahawia, na ikizidi zaidi kwa miaka inaenda kwenye mifupa. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha maana maji yanapungua na yenyewe inabaki. Peleka chupa maabara ya maji, waambie wapime floraidi, naitreti (ile chumvi ya vyooni na kwenye mbolea) na vijidudu, vyote kwa pamoja, na ukikuta floraidi imezidi, kisima kifulie, kioshee na kimwagilie, ya kunywa na kupikia ugali yatoke kwenye bomba la mjini au mabati ya nyumba yako.